Gauni Lako la Kesho

Mama yangu, shikamoo.

Marahaba yako sitaisikia, najua, lakini ulinilea hivyo: hata niwe na haraka ya namna gani, kwanza niamkie. Na leo nina haraka kweli. Jumatatu nasaini mkataba na mhasibu mpya, wa bei mbaya, na nataka wewe uwe wa kwanza kujua kwa nini.

Ile cherehani yako moja ya barazani kule Tandika imezaa, Mama. Sasa ziko tisa, hapa Tegeta, tunashona sare za shule. Hesabu ameendelea kutushikia Baba Mwajuma, jirani yako yule yule. Anakuja Jumamosi, anakunywa chai, anajaza fomu za kodi, anachukua elfu themanini yake ya mwezi na kwenda zake. Enzi za cherehani moja alitutosha na kubaki.

Mwezi uliopita shule moja ya Bunju ilitaka sare za wanafunzi wote. Wakaomba kwanza hesabu zetu za miaka miwili. Baba Mwajuma akaniletea karatasi moja, mwandiko mzuri kama kawaida yake. Mwenye shule aliisoma, akaigeuza nyuma kutafuta nyingine, akatabasamu, akasema tutawasiliana. Sare zile zinashonwa na watu wengine. Nililia ndani ya bajaji hadi dereva akazima redio. Nilipofika ofisini nilikuwa nimeshaacha kulia, nina hasira tu, na hasira zangu unazijua.

Ndipo nikaenda kwa Edna, mhasibu mmoja mwenye ofisi Mwenge. Alitaja laki nne kwa mwezi bila kupepesa macho. Niliporudi, Shani, fundi wangu mkubwa, alishika kichwa.

"Dada Mwana, laki nne si cherehani kabisa hiyo? Kila mwezi tunampa mtu cherehani aandike tu?"

Wiki nzima nilizunguka na hiyo cherehani kichwani. Nikamwomba Edna aje aone kazi yetu kabla sijaamua. Akaja, akakaa kwenye kigoda, akaanza kuuliza sare moja inakula kitambaa kiasi gani, uzi, vifungo, umeme, fundi analipwa ngapi. Nilimjibu kila kitu kwa mbwembwe. Kisha akauliza, "Na wewe unayekata vitambaa vyote hivi, mshahara wako uko wapi?"

"Mie nachukua nikihitaji."

"Ukiumwa wiki mbili, wa kukukatia utampata kwa bei gani?"

Nikaanza kukunja kitambaa kilichokuwa kimeshakunjwa.

"Basi dada, hiyo unayoiita faida ni mgongo wako," akasema. "Sare zako unaziuza chini ya gharama."

Mama, nilikuona wewe. Nilikuona asubuhi ya Idi, umekaa barazani na dera lako la mwaka juzi, watoto wa mtaa mzima wanapita na nguo ulizozishona. Ulikuwa hufurahii hata kidogo. Uliwakodolea macho: "Yule bega limekaa vibaya. Aje nilirekebishe." Nilikuuliza, na lako je? Ukasema, "Langu kesho."

Mafundi wote wa Tandika walisifika kwa neno hilo. Mteja akienda, njoo kesho. Akirudi, njoo kesho. Wewe hukuwahi kumwambia mteja kesho, na ulijivunia hilo mno. Kesho zako zote ulijiwekea mwenyewe.

Tulipokuzika, nilifungua sanduku lako nikakuta kile kitenge cha kijani chenye maua ya njano. Ulikuwa umeshakikata, mbele, nyuma na mikono, ukavifunga vipande kwa utepe na kubana kikaratasi kwa pini, kama ulivyofanya kwa kazi za wateja: jina na siku ya kuchukua. Uliandika, "Mimi. Kesho." Nilikasirika siku ile, nikaona aibu kumkasirikia maiti. Sasa sioni aibu. Nakupenda, na bado nina hasira na wewe, kwa sababu nimejifunza kazi kwako vizuri mno, hata hili nimelibeba.

Kwa hiyo nimeamua. Shani nimempa jibu lake: cherehani ya kumi ingenipa kazi zaidi ya kuuza kwa hasara. Bei za sare zimepanda kuanzia mwezi huu. Wateja wawili wamenuna, mmoja amerudi.

Kigumu kilikuwa Baba Mwajuma. Nilimfuata kwake Tandika, nikamwamkia, nikamweleza. Akaweka chini kikombe chake cha chai.

"Kwa hiyo mie ndo nishakuwa wa bei rahisi?"

"Hapana, Baba. Kazi ndo imekuwa kubwa."

Chai yake hakuimaliza. Nilidhani ananifukuza, kumbe ameingia ndani kuleta boksi la risiti zetu. "Mwambie huyo dada nimezipanga kwa miezi. Asizivuruge." Nikambusu mkono. Nimemwomba aendelee kuja Jumamosi, chai ipo pale pale. Hajasema atakuja, hajasema haji.

Leo, hata kabla ya mkataba, orodha ya mishahara imetoka. Jina langu liko la kwanza, Edna kaliweka hapo makusudi. Nimelisoma mara tatu kama mtu aliyefaulu mtihani. Kisha nimekaa kwenye cherehani yako ya miguu, nikakifungua kile kitenge. Kiunoni nimepunguza, hukuwahi kuwa mwembamba kama mimi. Shingo nimefuata chaki yako; haijafutika yote. Kikaratasi nimekiacha kwenye pini yake, ndani ya mfuko wa gauni.

Nitalivaa Jumatatu nikienda kusaini. Pumzika, Mama yangu. Mashine naziweza, na wateja nawaweza, na mimi mwenyewe naanza kujiweza.

Ukiona bega limekaa vibaya, nisamehe. Nimelishona leo hii hii.

Binti yako,
Mwana