Watu Wangapi Wanalala Hapa

Mama,

Sijamwambia mtu yeyote, hata Baba: maji yalipopanda hadi kwenye mpunga wa Baba Mdogo, nilifurahi. Wenzangu wanapiga kelele, mimi natabasamu mdomo umefungwa. Halafu nikaona yamekufikia na wewe, furaha ikaisha.

Unajua walikokuweka. Kule chini, karibu na Mto Mara, ng'ombe wanakolishwa. Baba alikuwa Buhemba machimboni; anafika hapa kijijini Buswahili, umeshazikwa. Baba Mdogo akamwambia pale juu nyumbani ni pa watu wa ukoo, na wewe ulikuwa wa kuja, umeolewa kutoka Mugeta. Baba akanywa chai. Ndiyo hivyo tu, Mama. Alikunywa chai.

Maji yalipokauka walikuja watu wa ramani na tableti zao. Kila mahali yalipofika wanauliza ardhi ni ya nini: makazi, shamba au malisho. Litajengwa tuta la kukinga makazi na mashamba. Malisho yataachiwa maji. Aliyekuja kwetu alikuwa dada mgeni, Kiswahili hajui, basi Baba Mdogo akanisukuma mbele. "Haya, hicho Kiingereza chako kifanye kazi leo. Na usituaibishe na hiyo sauti ya panya."

Nilitafsiri vizuri hadi tukafika kwako. Mawe tuliyokupangia yalishasombwa. Dada akauliza hapa pana nini. Baba Mdogo hakuangalia hata chini.

"Mwambie malisho."

Ng'ombe wake mmoja alikuwa amesimama juu yako.

Nilitaka kusema mama yangu amelala hapa, vile tunavyosemaga sisi. Kwa Kiingereza ikatoka hivyohivyo, neno kwa neno, na yule dada akaelewa usingizi. Akauliza watu wangapi wanalala hapa. Ningeweza kumsahihisha, Kiingereza cha kaburi ninakijua. Nikasema, mmoja. Akauliza kama huwa anahama maji yakija. Nikasema hapana, hawezi kutembea. Akasikitika sana, akaandika makazi. Baba Mdogo akatingisha kichwa kwa majivuno, akidhani nawasifia ng'ombe wake.

Wiki hii ramani imebandikwa ofisi ya kata. Malisho yote ni njano, katikati nukta moja nyekundu. Ni wewe. Tuta limepindishwa likukinge, na kwa kupinda hivyo limeuacha mpunga wa Baba Mdogo upande wa maji. Walieleza kwamba haliwezi kukinga vyote, na mtu anatangulia mpunga. Hapa kwetu ndiyo mara ya kwanza wewe kutangulizwa.

Watu wakamcheka Baba Mdogo, eti amemficha nani kule kwa ng'ombe. Yeye hakucheka. Alinipiga, lakini si fimbo iliyoniuma.

"Akiwa hai alikuwa wa kuja," alisema. "Amekufa ndiyo anataka kiwanja?"

Baba alikuwepo. Alikuwa anafunga kamba ya kiatu, akaifunga muda mrefu sana.

Kesho watu wa ramani wanarudi kuhakiki. Nimeamriwa niseme nilikosea, pale hapana mtu.

Unanijua nilivyo mbele za watu. Dukani ulikuwaga unanituma na karatasi umeandika sukari, chumvi, ili nisiongee na muuzaji. Sasa kesho nitaongea mbele ya kijiji kizima. Nitasema ni kaburi. Nitasema pia ni nani aliyechagua pale, huku anajua maji yanafikaga. Wakitaka kukupaka njano wakupake. Lakini kusema pale hapana mtu, Mama, mimi sitasema. Nakuahidi hilo, sina kubwa zaidi.

Kwaheri. Geukia upande usio na baridi, kama upo.

Nasikia gambuti za Baba Mdogo uani. Siku zote karatasi hii ingeshaingia chini ya godoro. Yeye husoma polepole, kwa kutamka kila neno. Naiacha hapa mezani. Asome kwa sauti, Baba yuko chumba cha pili.