Baba, Hukuwa Peke Yako

Ni mwaka mmoja sasa, Baba, tangu tukuzike na kukusemea uongo.

Mimi kifungua mimba wako ndiye niliyesoma wasifu, kifua mbele: "Huyu ndiye aliyegundua chanjo!" Wenzako wa maabara walisimama nyuma. Mmoja wao, yule uliyemwita Mama Mapovu, akaweka ua lake chini, akaondoka bila kuaga. Tukasema, "Wivu huo!" Kisha tukayachonga maneno yaleyale kwenye jiwe lako.

Wewe hukupenda sifa za peke yako. Hata ukikaanga mayai ulisema, "Tumepika." Mama akikuuliza, "Wewe na nani?" unacheka: "Na kuku, mke wangu. Au yeye hakuchangia?"

Mara ngapi ulitueleza! Wewe ulitengeneza ule ujumbe ulio ndani ya chanjo, wa kuufundisha mwili kumtambua adui. Mtu wa ng'ambo, ambaye hukupata kumwona, akaonyesha namna ya kuubadilisha kidogo ili mwili usiukatae. Bado ukawa unaharibika njiani mwilini. Mama Mapovu akaufunga ndani ya vipovu vya mafuta. Vikapasuka, akaanza upya, miaka nenda miaka rudi, hadi vikafika salama. "Bila yeye tungekuwa na barua isiyo na bahasha," ulisema. Sisi tuliitikia "ee, Baba," macho kwenye simu.

Sifa zilitulevya. Mtaani tuliitwa watoto wa mgunduzi, na wallahi tuliona raha. Tulikuvisha nguo za watu, Baba, nawe huwezi kuzivua. Hilo ndilo linalotuuma.

Mwezi uliopita tulikwenda kwa Mama Mapovu kuomba radhi. Alitumiminia chai, akatusikiliza hadi mwisho. "Mimi nimewasamehe, wanangu," akasema. "Lakini yeye bado amelala chini ya yale maneno." Tukatoka hapo moja kwa moja hadi kwa fundi wa mawe.

Jana alimaliza kulichonga upya jiwe lako. Sasa limeandikwa: "Mmoja wa waliotengeneza chanjo." Mama alilisoma, akalipapasa, akakuuliza kama zamani jikoni: "Wewe na nani?"

Safari hii tulimjibu sisi. Tuliwataja wote tunaowajua, na Mama Mapovu, aliyekuja nasi, akatutajia tuliowasahau.

Unakumbukwa na mkeo, wanao, wajukuu zako, Mama Mapovu na maabara nzima. Yule wa ng'ambo hatujampata, bado tunamtafuta.

Daima tutakukumbuka, Baba, wewe na wenzako. Tusamehe.