Nimeagwa Kabla ya Mtihani

Jumapili, mwezi wa saba. Nachingwea.

Upepo unavuma tangu asubuhi na mji mzima umekula vumbi. Nimevaa sweta la shule nyumbani, kwa jinsi kulivyo na baridi. Lakini nisijidanganye, kinachonisumbua leo si baridi.

Kesho tunaanza mtihani wa moko, ule wa kujipima kabla ya mtihani wa taifa, kidato cha nne.

Wenzangu wanaogopa matokeo kubandikwa ukutani. Mimi nina langu zaidi. Shule yetu ina shule rafiki huko Ujerumani, na kila mwaka wanamwalika mwanafunzi mmoja wa kwetu akakae nao wiki mbili baada ya mtihani wa taifa, aingie nao darasani, aone wanavyoishi. Anayeongoza moko ndiye anayekwenda. Hakuna usaili, hakuna kujuana.

Naitaka sana hiyo safari. Kwenye Jiografia nimekariri mito ya barafu na namna inavyochonga mabonde, wakati barafu pekee niliyowahi kuishika ni ya kwenye friji la soda pale stendi. Dada aliyekwenda mwaka jana alitusimulia kwamba siku moja mwanafunzi wa huko alimuuliza mwalimu swali, mwalimu akasema hajui, darasa zima wakaenda kutafuta jibu pamoja, na hakuna aliyecheka. Nataka nikae kwenye darasa hilo hata siku moja tu. Nina maswali niliyoyameza tangu kidato cha kwanza.

Sasa balaa lenyewe.

Nilimwambia mama kwamba kuna mtihani, na atakayeongoza atakwenda Ujerumani. Mama akamwambia mjomba Hashimu walipokutana mnadani. Mjomba anakaa na bibi kule Mbekenyera, akampelekea habari. Huo mtihani ulidondokea njiani, sijui Ruangwa, sijui wapi. Kilichomfikia bibi ni Ulaya tu.

Jana bibi akaniita nikamsalimie. Nashuka kwenye bodaboda, nakuta mikeka imetandikwa uani, pilau iko jikoni, shehe ameshakaa, na akina mama wananipigia vigelegele. Dua ya safari. Yangu mimi! Wakanikalisha katikati, wakanifunika kanga mpya, wakaniombea nifike salama, nirudi salama, nisiache swala, nisije nikaolewa hukohuko. Hakuna hata mmoja aliyeniombea Kemia.

Nilitaka kusema. Wallahi nilitaka. Lakini bibi alikuwa analia kwa furaha, na kila nikifungua mdomo mtu ananiletea mkono wa pongezi.

Watu walipomaliza kula, bibi akatupa jicho nyumba ya pili. Akasema mbele ya wote, Kiswahili nusu Kimwera nusu, kwamba Bi Somoe hakuja kwenye dua. Safari ya mtoto ikivunjika, akasema, yeye anajua mlango wa kwenda kubisha.

Na watu wakatikisa vichwa kukubali.

Hapo ndipo hofu iliponiingia sawasawa. Bi Somoe ni jirani wa bibi, mama mtu mzima anayeishi peke yake, na kwetu maneno ya namna hiyo hayaishii mkekani. Ukishatajwa mchawi mara moja, ndiyo imetoka. Ukipita njiani, watu wanaita watoto wao ndani. Karanga zako hakuna anayezigusa.

Nikaaga naenda chooni, nikapitia kwake. Nimemkuta kakaa mlangoni, mguu umevimba, kauweka juu ya kigoda. Hata kusimama ilikuwa shida. Akanishika mkono, akauliza, "Huo mtihani lini, mwanangu?" Wanawe wamesoma, anajua mtoto hapelekwi Ulaya hivihivi. Nikamwambia keshokutwa. "Na wewe umekaa huku unakula pilau? Hebu nenda kasome!" Nikacheka. Nilipofika barabarani nikaanza kulia.

Maana ukweli ni kwamba naweza kufeli. Baba anapulizia mikorosho salfa kila mwaka, nguo zetu zote zinanuka salfa, lakini salfa hiyohiyo ikiingia kwenye karatasi ya Kemia inanishinda. Halafu kuna Festo, mtoto wa katekista, anayekaa dawati la mbele. Tangu tuanze kidato cha tatu sijawahi kumzidi. Hata mara moja.

Leo mchana nikaona liwalo na liwe. Nikapiga simu ya mjomba, nikaomba nipewe bibi. Nikamweleza yote: mtihani bado, tuko wengi, anakwenda mmoja, na yupo kijana ananizidi. Nikikosa, ni Kemia, si Bi Somoe. Bi Somoe anaumwa mguu, bibi, nimeuona kwa macho yangu.



"Siwema," bibi akasema, "watu wamekula pilau yangu, shehe ameomba. Mimi maneno nimeshasema. Basi, we usifeli."

Akamrudishia mjomba simu.

Nimefungua daftari la Kemia tangu saa ile na bado niko ukurasa uleule. Ujerumani hata siiwazi tena. Nawaza Bi Somoe na mguu wake pale mlangoni, hajui kitu. Nawaza Festo, ambaye muda huu yuko kwao anasoma kwa raha zake, naye hajui kitu. Hajawahi kunikosea. Juzi tu alinielekeza mlinganyo niliokwama, bila hata kuringa.

Nimeswali Alasiri nikabaki nimekaa kwenye mkeka, mikono nimeinua, na ombi lililonijia mdomoni ni Festo afeli.

Ee Mungu wangu, niliseme, au nilimeze?