Mdudu Anayepinduka Kwenye Dania ya Mama

Jumamosi, Gatitu. Ukungu ulikaa mpaka chai ikapoa, kisha jua likatoka kwa ghafla kama mtu aliyechelewa. Nina furaha na nina wasiwasi, na yote mawili yameletwa na mdudu mdogo kuliko punje ya mchele.

Naishi na mama mkwe wangu tangu Muriuki, mume wangu, ahamishiwe kazi Isiolo. Mimi ni wa Vihiga. Sijui Kikuyu, naye hajui Kimaragoli, kwa hiyo tunakutana kwenye Kiswahili. Tunaongea habari za maziwa na kuni, basi.

Leo asubuhi nilimkuta nyuma ya jiko akichanganya dawa kwenye pampu ya mgongoni. Dania yake imechanua. Mbegu zake ameshawaahidi akina mama wa kanisani wapande mvua ikinyesha. Na juu ya yale maua meupe walikuwa wamejaa wadudu weusi.

"Hii dudu inamaliza maua yangu," aliniambia. "Leo itanijua."

Niliinama nitazame tu. Nilipogusa ua, mmoja akaangukia kiganjani mwangu. Hakukimbia. Alipinduka! Kichwa chini, miguu juu, tena na tena, akirukaruka kama bisi kwenye sufuria, mpaka akatoweka kwenye nyasi.

Mama alicheka mpaka akashika kiuno. Sikuwa nimewahi kumsikia akicheka hivyo.

Nikapata ujasiri. "Mama, ngoja kidogo kabla hujapiga dawa. Nataka kujua huyu ni nani."

"Ni nani? Ati dudu iko na kitambulisho?"

Lakini aliweka pampu chini.

Nilimnasa mwingine ndani ya glasi, nikampiga picha, nikaituma kwenye kundi la wapenda wadudu ninalolisoma kwenye simu nikiwa sina nguo za kushona. Mtu nisiyemjua akajibu upesi. Ni mbawakawa, akasema, kwa sababu mabawa yake ya juu ni magumu, yanafunika yale laini ya chini. Familia yake inaitwa Mordellidae. Ukitaka kuhakikisha, tazama mgongo ulioinuka, kichwa kilichoinamishwa, miguu ya nyuma mikubwa, na mkia uliochongoka kupita mabawa.

Vyote alikuwa navyo. Mkia wenyewe ni kama ncha ya sindano ya cherehani.

Familia tumepata. Na jenasi je? Hapo, yule mtu aliandika, picha yangu haitoshi. Inabidi kuhesabu mistari midogo kwenye muundi wa mguu wa nyuma. Nilishangaa. Kumbe ukoo mzima unaweza kutenganishwa na mwingine kwa mikwaruzo ya mguuni!

Mama aliniletea miwani yake ya kusomea Biblia, tukaishika juu ya glasi kama lenzi. Mimi niliona mistari miwili. Yeye aliona mmoja.

"Wewe unaona kivuli," alisema.

"Mama, ni wewe umeruka mmoja."

Tulibishana pale mlangoni mpaka uji ukafurika jikoni. Mdudu alipinduka zake, hakutusaidia. Yule mtu wa kwenye simu alituambia tusihuzunike, kwamba wa huku kwetu hawajachunguzwa sana, na huenda huyu wetu hata jina la spishi hana.

Nilisoma kwamba wakubwa wao hula chavua tu. Nikamwambia Mama. Akarudisha pampu stoo.

Ningeachia hapo ningelala vizuri.

Lakini nikaendelea kusoma. Watoto wao, yale mabuu, wengi hukulia kwenye miti inayooza. Wengine wa familia hiyo hiyo hutoboa mashina ya mimea iliyo hai na kuishi humo ndani. Huyu wetu ni wa kundi gani kati ya hayo mawili? Inategemea jenasi, ile tuliyoshindwa kuisoma mguuni.

Nilizunguka na habari hiyo alasiri yote. Mbegu ni zake, na neno alilowapa wenzake ni lake. Jioni, tukichambua sukuma, nikamweleza yote.

Alichukua kisu akaenda shambani, nami nikamfuata. Tulipasua mashina machache ya dania. La kwanza lilikuwa safi, la pili vilevile. Ndani ya moja lililonyauka tukakuta funza mweupe amejikunja.

"Ni mtoto ya hiyo ama ni ya mwingine?"

"Sijui, Mama. Hatuwezi kujua mpaka awe mkubwa."

Kisha akayafunga yale mapande ya shina pamoja, funza akiwa ndani, akaniomba kipande cha neti, akaweka shina ndani ya chupa ya jemu na kufunika mdomo kwa neti.

"Dawa itangoja. Hii nayo italala kwangu," alisema, akaenda nayo chumbani kwake.

Kwa hiyo sasa tunasubiri. Anaweza kutoka nondo, au nzi, au asitoke yeyote. Akitoka mweusi mwenye mkia wa sindano, basi nitakuwa nimemzuia Mama kupiga dawa ilhali yeye ndiye aliyekuwa sahihi, na itabidi nimwambie hivyo uso kwa uso.

Hata hivyo, nataka kumwona akitoka.