Baba Hanywi Maji Wodini

Mpendwa mshauri wa redio, naomba msaada, maana nimebanwa huku na huku. Baba yangu ni fundi cherehani, mtu wa heshima zake, hata kibandani ametundika pazia ili mteja anayejaribu nguo asichunguliwe, na sasa kalazwa, figo zinamsumbua, daktari kasisitiza anywe maji mengi, ila vitanda hakuna, analala mzungu wa nne, kichwa kwa miguu, na mzee asiyemjua, tena kitanda chenyewe kiko kwenye korido, watu wanapita wakikodoa macho, na akibanwa na haja analetewa chombo palepale. Juzi wageni wa mgonjwa mwingine walimkuta amefunuliwa, baba akageukia ukutani. Tangu hapo hanywi, wallahi! Anasema, "Mwanangu, nisipokunywa sitaomba kile chombo." Kaniapisha nisimwambie mtu, basi maji namwaga kwenye sinki, na muuguzi akiuliza, "Mzee kanywa?" najibu, "Kanywa yote." Midomo imempasuka, na leo kaniita kwa jina la shangazi, marehemu. Kaka anataka tumrudishe nyumbani. Nikisema, nitakuwa nimemsaliti baba; nikinyamaza, naogopa. Nifanyeje?

Binti wa Fundi

Binti wa Fundi, pole sana. Nimekupigia simu hupokei, ndiyo maana nakujibu hewani kabla ya barua nyingine zote. Nimeikasirikia hiyo korido, na wewe pia nimekukasirikia. Baba kuona aibu ni haki yake, nani asingeona? Lakini wewe, mama wee, unamwaga matibabu kwenye sinki! Daktari anaambiwa mgonjwa anakunywa, atajuaje kinachomuumiza? Na mtu akianza kukuita kwa jina la marehemu, hali imeshakuwa mbaya.

Nenda kwa muuguzi sasa hivi, mwambie ukweli wote, na hilo jina la shangazi usilifiche. Baba atanuna. Mwache anune, mradi yupo.

Kaka yako naye aache habari za nyumbani, huko nani atamtibu? Mpe kazi. Aende kibandani akalitungue lile pazia, alete na kamba, muombe ruhusa mlitundike kuzunguka kitanda, yule mzee mwenzake naye asitirike. Na muuguzi wa zamu mkumbushe kila siku, kwa adabu, kwamba mnasubiri kitanda cha ndani.

Baba akikulaumu, usibishane naye. Funga pazia lake, mpe kikombe, kisha geuka utazame pembeni.