Mpunga wa Barabarani

Mtunda, Rufiji
Mwezi 20 Rajabu, 1323

Mpendwa kaka yangu Mtoro,

Salamu nyingi zikufikie wewe, wifi Johari na watoto. U hali gani huko Unguja? Kile kifua kilichokuwa kikikusumbua kimepoa? Mama huniuliza kila siku, nami kila siku namjibu kwamba kimepoa, basi usinifanye mwongo. Sisi huku tu wazima, ila mama analalamikia miguu, hasa nikimwomba anishikie mwanangu Siti.

Habari za vita umezisikia, sitazirefusha. Watu wa Umatumbi wamekunywa maji ya dawa wakashika silaha, na hapa kwetu kila mtu anamtazama mwenzake kwa wasiwasi. Watatu wamenyongwa kwa kushukiwa tu. Ndiyo maana nimechelewa kukuandikia.

Karatasi ulizomletea shemeji yako zilifika salama. Nakushukuru kwa adabu tu, maana karatasi hizo nusura ziniache mjane.

Unalikumbuka lile shimo mbele ya nyumba yetu, kwenye barabara ya Wadachi tuliyolimishwa kwa nguvu? Ulipoondoka kuku walikuwa wakioga mavumbi humo. Masika ya mwaka jana lilimeza mguu wa mbuzi, kisha mtungi wangu mpya, na mimi nikaufuata mtungi. Shaban, ambaye paa lake linavuja tangu tuoane, akaapa kwamba shimo lile litazibwa na wenye barabara, si yeye.

Barua ya kwanza alimpelekea jumbe. Jumbe akaja, akalizunguka shimo mara mbili, akasema nusu yake imo katika nchi ya jumbe mwenzake, naye hawezi kuziba nusu shimo. Ya pili ikaenda kwa akida. Akida akataka atajiwe upana na kina, basi mume wangu akashuka shimoni na kanzu yake ya Ijumaa, akapima, tena akaongeza shibiri moja kwa uchungu. Ya tatu ilimleta mtu kutoka bomani. Alipigilia kijiti chenye nambari pembeni ya shimo, akaenda zake. Kijiti kizuri, kaka, tunafungia mbuzi. Ya nne haikujibiwa, na kila Ijumaa Shaban akitoka msikitini hupitia kwa akida kuulizia, hata watoto wa akida wakampa jina la Bwana Shimo.

Mimi nikachoka. Mwaka huu, mwezi wa mfungo nne, nilipokuwa nikipandikiza mpunga bondeni, nilirudi na miche iliyobaki nikaichomeka shimoni, maana maji yalikuwa tele. Nilitaka kumkomoa tu. Lakini mpunga ukakubali! Mwisho wa mfungo saba nikavuna ungo mzima, nikampikia, akala.

Sasa sikiliza. Mwezi uliopita lilipita jeshi likienda Umatumbi, Bwana Mdachi mbele juu ya nyumbu, akida nyuma yake. Nyumbu akaingia shimoni kwa miguu ya mbele, na Bwana akatua upande wa pili, kofia ikimtangulia. Wapagazi wakainama wote ili wasicheke. Bwana akanyanyuka mwekundu, akipiga kelele kwamba ule ni mtego wa waasi, naye anamtaka aliyeuchimba.

Mtu mwenye akili angejifungia ndani. Shemeji yako akatoka mbio, uso umemkunjuka kwa furaha kwamba leo serikali imeliona shimo kwa macho yake.

"Bwana, shimo hili ni langu!" akasema. "Nimelihangaikia mwaka mzima!"

Kabla hajavuta pumzi walikuwa wamekwisha kumfunga kamba. Akataja barua zake nne. Bwana akamgeukia akida. Akida aliona akikubali ataulizwa mbona hakuziba, basi akasema hajapata kuona barua hata moja. Askari wakaanza kutafuta mti. Mtu huyu nimemnung'unikia miaka sita, na saa ile nilijua kwamba sina mwingine wala simtaki mwingine.

Nikamtupia mama mtoto, nikaruka shimoni. Nikang'oa shina la mpunga lililobaki, pamoja na mizizi na udongo wake, nikamwekea Bwana miguuni.

"Bwana," nikasema, "mpunga huu nimeupandikiza humu mfungo nne, nikauvuna mfungo saba. Vita vimeingia mfungo nane. Mtego gani unachimbwa kabla ya vita, ukapandwa, ukavunwa?"

Mpagazi mmoja, mtu wa Maparoni wanakolima mpunga, akashindwa kujizuia. "Kweli, Bwana. Shina hili la miezi, si la juzi. Tena mbegu yake nzuri, mama, umeipata wapi?"

Wapagazi wengine nao wakatua mizigo, wakaja kulitazama na kubishana ni mbegu gani. Bwana akahesabu miezi kwa vidole, akarudia, kisha akamkazia akida macho. Akaamuru Shaban afunguliwe, na akida azibe shimo kabla ya jua kuchwa.

Jeshi lilipopotea tu machoni, akida akafungua daftari lake, akafuta "shimo," akaandika "shamba la mpunga." Akatuambia mashamba ya raia si kazi ya serikali, na yeyote atakayelifukia ataadhibiwa kwa kuharibu mazao. Mpaka leo lipo.

Siku tatu Shaban hakugusa kalamu, nikaogopa. Siku ya nne nikasikia kalamu ikikwaruza barazani. Barua ya tano. Zamani ningemnyang'anya. Safari hii nilikaa mlangoni nikasikiliza mpaka machozi yakanitoka, kisha nikatafuta kisu nikamchongea kalamu nyingine.

Mama anakusalimu, na Siti anakusalimu, ingawa hajui wewe ni nani. Msalimie wifi, umwambie ukindu alioagiza nitautuma. Shaban naye anakusalimu na anaomba karatasi, maana hii ni ya mwisho. Usidhani nitakukataza. Mletee nyingi.

Mungu akuponye kifua hicho, akulete kwetu kabla ya Ramadhani. Ukija, ukimwona mbuzi kafungwa kijitini, pita kushoto.

Nduguyo akupendaye sana,
Mwanaidi binti Mohamedi