Ufunguo Uliokwenda Bukoba

Nyumbani,
Barabara ya Makambako,
S.L.P. 214,
Njombe.

14 Julai, 2024.

Mpendwa shemeji Yusto,

Kamwene. Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe, Jasmine na watoto. Kile kifua chako kinachokusumbua ukishinda kwenye ghala la kahawa kimetulia? Ukipata asali nzuri huko, usiiache. Huku ni Julai, na Julai ya Njombe unaijua mwenyewe: asubuhi majani ya viazi yameungua kwa baridi, na maji ya kunawa yanaingia mpaka kwenye mifupa.

Sisi hatujambo. Irine yuko chuoni Iringa, mitihani amemaliza salama. Mama yenu anakula vizuri na kulalamika vizuri, na hilo la pili ndilo linaloniambia kwamba ni mzima. Kila Jumapili redio ikimaliza ibada anauliza kama Yusto amepiga.

Utashangaa kupata karatasi zama hizi. Shemeji, simu yako imeita mpaka imechoka. Nilipiga Mei, nikapiga Juni, nikatuma ujumbe, nikaona umesoma. Basi nikasema barua haina kitufe cha kukata. Anakuletea mwinjilisti wetu Abrahamu, anayekuja huko kwenye semina, na nimemwomba akae hapo mpaka umalize kusoma. Mpe chai na usimkunjie uso, maana hajui kilichoandikwa humu.

Niseme kwanza lile kubwa, halafu nieleze. Jumamosi ya tarehe sita nimetoboa swichi ya pikapu ya kaka yako kwa drili, nikang'oa kitasa chake cha ufunguo, nikaweka kipya. Kile kitundu ambacho Sadock alikuwa akiingiza ufunguo kila asubuhi, kikombe cha chai kikiwa mkono wa pili, hakipo tena. Nimekitoa kwa mikono yangu. Kaa chini kama umesimama.

Unakumbuka tulivyoachana. Oktoba, siku ya kumaliza msiba wa Sadock, ukoo ulikaa sebuleni, wakasema ufunguo wa gari ashike Yusto mpaka tutakapokaa tena. Nilikuwepo, nimejitanda kanga, sikusema neno. Nao ulikuwa huo huo mmoja, kwa sababu wa akiba tuliupoteza zamani shambani. Kesho yake ukapanda basi na ufunguo mfukoni. Kukaa kukawa baada ya Krismasi, kukawa baada ya Pasaka, sasa nasikia ni baada ya mavuno.

Miezi tisa gari limesimama uani. Usukani umejifunga, halisukumiki hata kusogea hatua tano, na kuku wa Mama wametaga chini yake. Mimi niliyepeleka viazi Makambako kwa gari hilo miaka sita, na leseni yangu ninayo, nikawa nasimama barabarani na magunia nikisubiri huruma ya malori. Sitakuficha, nilikuchukia. Nilikuita majina ambayo siwezi kuyaandika kwenye barua inayobebwa na mwinjilisti.

Lakini viazi ningevumilia. Kilichonisukuma ni Mama. Alinikataza kukuambia, na mimi nakuambia. Unajua kila mwezi anatakiwa hospitali mjini kupimwa presha na kuchukua dawa. Miguu yake haifiki tena barabarani, na basi haliingii huku kwetu ndani. Tukawa tunampakia bodaboda, dereva mbele, yeye katikati, mimi nyuma nimemkumbatia asianguke. Mwezi wa tano, wakati wa kushuka, mguu wake ukagusa ekzosi. Ngozi ilibanduka pale pale, juu kidogo ya kifundo. Hakupiga kelele. Alisema tu, "Tusimwambie Yusto, atajisikia vibaya." Mwezi wa sita akakataa kwenda kabisa, akaanza kumeza dawa zilizobaki nusu nusu.

Hapo nikaenda Makambako kwa yule fundi wa karibu na stendi aliyekuwa akitutengenezea gari. Nikamweleza yote. Alisikitika sana, akaniletea kiti, akaninunulia soda, akakataa.

"Mama, hii ni gari ya marehemu, na ufunguo anao mdogo wake," alisema. "Mimi nikitoboa hiyo swichi nimeingia kwenye ugomvi wa ukoo. Shemeji yako anipigie hata dakika moja tu, nakuja leo leo."

Nikakupigia mbele yake. Tuliisikiliza wote wawili ikiita mpaka ikakata.

Kumbe ni mikono yake tu iliyoogopa, mdomo haukuwa na shida. Aliniuzia kitasa kipya chenye funguo zake mbili, akanichorea kwenye boksi tupu, akanifundisha hatua kwa hatua. Ukiwa na ufunguo wa zamani ni kazi ya nusu saa: unafungua mfuniko wa plastiki chini ya usukani, unageuza ufunguo hatua moja, unabonyeza kapini kadogo kwa waya, na kitasa kinavutika kizima kizima. Usipokuwa nao, hakigeuki, na kisipogeuka kapini hakabonyei. Inabidi utoboe kwenye kitundu cha ufunguo mpaka vyuma vya ndani visagike. "Ndivyo wanavyofanya wezi," akamalizia, halafu akaona haya, akaanza kupanga spana zake.

Neno hilo nilirudi nalo kwenye basi mpaka Njombe. Mwisho nikaamua kwamba kama ni kazi ya wezi, nitaifanya jinsi mwizi asivyoweza: saa nne asubuhi, geti wazi, mbele ya watu. Nikamwita Edward, mwenyekiti wetu wa kitongoji, aje na daftari lake. Nikamwomba Nahumu seremala drili na waya mrefu wa umeme. Betri nilikuwa nimekwisha kuipeleka mjini kuchajiwa. Majirani sikuwaita, lakini unatujua, hata waliokuwa wanavuna viazi walifika na majembe yao.

Nahumu akachomeka drili, akanikabidhi, akarudi nyuma na kufunga mikono mgongoni. Nikawatazama wanaume wote waliokuwa pale. Kila mmoja alikuwa ameona kitu cha kutazama upande mwingine. Nikakaa kwenye kiti cha dereva, drili mapajani, nikashindwa kuanza. Nakwambia ukweli, Yusto. Miaka ishirini na miwili nimeolewa kwenu, na dakika ile nilijiona navunja nyumba ya watu.

Ndipo Mama akatoka ndani na fimbo yake. Hakuna aliyemwita. Alikuja mpaka kwenye gari, akapanda kiti cha abiria kwa taabu, akaomba tochi. Edward akamwuliza, kwa heshima zote, kama familia imeridhia, maana yeye lazima aandike.

"Andika kwamba tochi imeshikwa na mama yake Sadock na Yusto," Mama akajibu.

Edward akaandika. Mama akamsubiri mpaka amalize, akaelekeza mwanga kwenye swichi, akaniambia, "Toboa, mwanangu."

Nikatoboa. Drili ilinitingisha mpaka mabegani, na vumbi la shaba likanijaa kwenye gauni. Mara tatu iliteleza, makovu utayaona kwenye plastiki ya usukani, nayo nakuomba radhi. Mwishowe bisibisi ikaingia mahali pa ufunguo, ikageuka, na usukani uliokuwa umejifunga tangu Oktoba ukaachia mikononi mwangu. Nikabonyeza kapini kwa spoku ya baiskeli, kitasa cha zamani kikatoka.

Kipya kikakataa kuingia. Nilisukuma, nikakigonga kwa kiganja, nikaanza kulia kwa hasira mbele za watu wote wale. Nahumu akasahau kwamba haingilii, akapaza sauti kutoka huko nyuma, "Mama Irine, geuza kwanza ufunguo wake kidogo!" Kumbe fundi alikuwa ameniambia, nikasahau. Nikageuza, kikaingia, kikakaa. Baada ya hapo wanaume wakakumbuka kwamba wana mikono, wakagombania nani afunge betri.

Nikawasha. Likakohoa, likakohoa tena, likawaka. Wanawake wakapiga vigelegele. Mama akanishika mkono akasema, "Zima kwanza."

Nikazima. Mama alikaa akitazama mbele, tochi bado inawaka mkononi mwake mchana kweupe. Sikumwuliza anawaza nini, kwa sababu mlio ule na mimi nilikuwa nausikia kila siku nikiwa jikoni, na nilikuwa sijausikia tangu tumzike. Baada ya muda akajifuta uso kwa kanga. "Haya, washa tena," akasema.

Jumatatu nikampeleka hospitali. Presha ilikuwa juu, na daktari amegombana naye vya kutosha kuhusu habari ya nusu nusu. Dawa amepata za mwezi mzima, na kidonda cha mguu kinakauka. Wakati wa kurudi aliomba tupitie sokoni, akanunua samaki wawili ambao hatukuwahitaji.

Sasa nikuambie jambo ambalo sijamwambia mtu. Siku ile ya kumaliza msiba, jioni, nilikuona ndani ya gari. Ulikuwa peke yako kwenye kiti cha dereva, ufunguo mkononi, hujawasha. Ulikaa hapo mpaka ng'ombe wakarudi. Miezi yote hii nililiweka jambo hilo pembeni, kwa sababu lilikuwa linaniharibia hasira yangu. Nilipokaa mahali pale pale na drili ndipo lilipokuja lenyewe, nikakuelewa. Hukuwa unatunyang'anya gari. Kuuleta ufunguo ni kuja, na kuja ni kufika uani ukaone kwamba kaka hayupo. Mimi namkosa kila siku, kwa hiyo nimepata mazoezi. Wewe utamkosa kwa mara moja, na najua ni mzigo. Nimekuelewa kabisa, Yusto. Ila kuelewa kwangu hakukumpeleka Mama hospitali.

Mambo ya mali yasikusumbue. Kadi ya gari iko kabatini na jina ni lile lile. Sijauza, sijahamisha, hayo yatasubiri kikao kama mlivyosema. Daftari la Edward lipo ukitaka kulisoma, ameandika ukurasa mzima na kuweka muhuri mara mbili.

Msalimie sana Jasmine. Mwambie ndizi alizotupikia wakati wa msiba Mama bado anazisimulia, ingawa siku ile alisema hazina chumvi. Wabusu watoto wote, hasa Pendo, mwambie mama yake mkubwa wa huku kwenye baridi anamfumia sweta. Irine anakusalimu. Nahumu naye anakusalimu, na amenisisitiza niandike kwamba hakutoboa yeye.

Limebaki moja. Kitasa nilichobadilisha ni cha kuwashia tu, vya milango ni vile vile vya zamani. Mlango wa dereva uliufunga mwenyewe siku ile uliposhuka, na kile kifundo cha kuufungulia kwa ndani kilikatika tangu enzi za kaka yako. Wa kushoto haujifungi, unaukumbuka, basi huko ndiko ninakopitia. Kila safari mama mtu mzima navua viatu, nakusanya kitenge, nateleza juu ya kiti mpaka kwenye usukani, na mkwe wangu anasimama nje na fimbo yake ananicheka mpaka machozi. Mlango wangu unafunguliwa na ufunguo mmoja tu, nao uko Bukoba.

Njoo nao. Shuka Makambako, usije mpaka nyumbani kwa basi, nitakufuata stendi na Mama atakuwa kwenye gari. Hutaingia uani peke yako, tutaingia watatu. Wewe utanifungulia mlango, shemeji, na kuwasha nitawasha mwenyewe.

Bwana akushike mkono katika kila hatua ya njia hiyo.

Ni mimi mke wa kaka yako, nikupendaye hata usipopokea simu,

Esnath.